Makasha Yanaangukia Kushoto

9 Februari

Chaki mwanangu,

Habari za huko, na za ile baridi ya ofisini unayoilalamikia kila ukipiga simu? Sisi wazima. Baba yako kikohozi kimemwachia, na sasa amepata nguvu za kunifuata kila Jumapili akinihimiza nihamie kile chumba chake cha nyuma. Namwambia, kaka, chumba kisicho na dirisha la barabarani si chumba, ni sanduku. Anacheka, wiki inayofuata anarudia yale yale.

Usishtuke kuona bahasha. Simu ninayo na bado inapiga. Ni yule binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali aliyeniamuru: barua moja ndefu kila mwezi, kwa mkono huu huu uliopigwa na kiharusi, na wa kushoto usijipendekeze kusaidia. Nikamuuliza nimwandikie nani. Akasema, mwandikie mtu asiyekudanganya. Nikakukumbuka wewe, maana hata ulipokula chaki yangu ya kukatia ukiwa na miaka minne, ulikana huku meno yote yakiwa ya buluu. Jina likakuganda.

Kazi ya pili aliyonipa ni mchezo wa kompyuta. Mimi! Nikadhani ananitania. Kumbe upo mchezo wa stesheni: treni inapita polepole, wewe unashika kasha kwa kile kipanya cha kompyuta, unalipeleka juu ya behewa, unaliachia. Anasema vidole vikijua kuachia kasha kwa wakati wake, vitajua tena kusukuma kitambaa chini ya sindano. Kila siku niandike alama zangu kwenye daftari nimpelekee. Nikageuza boksi, nikaona jina la kampuni yenu. Nikavimba kichwa pale pale dukani, nikamwambia muuzaji, "Huu umetengenezwa na mtoto wa kaka yangu."

Fundi Suruali, yule ninayegawana naye chumba cha kazi, yeye suruali mimi magauni, alikuwa na nakala ya bure ambayo shemeji yake alimtolea kwenye diski isiyo hata na jina. Akaniletea na mimi moja. Nikamrudishia. Sijavaa cha wizi tangu nizaliwe, na kwa wezi unajua sina huruma. Ulikuwa umekaa chini ya meza siku nilipomtega Pindo, jirani yetu wa magauni, kwa karatasi yangu ya kukatia. Nikanunua mchezo halali, na boksi lake.

Sasa niambie, nani aliyebuni ile namba ya kwenye boksi? Herufi ishirini na tano! Nimeziingiza mara sita. Kuna duara, sijui ni sifuri au ni O. Kuna kijiti, sijui ni moja au ni I. Kompyuta ikaniambia nimekosea, kisha ikaniambia nimekosea mno, ningoje saa nzima. Nikapiga namba ya msaada, nikachezewa kinanda mpaka sikio likapata joto. Fundi Suruali akanipigia kutoka kwake kuniambia ameshapakia treni mbili. Mwenye ya wizi huyo!

Mwisho ikanikubali. Diski nimeibandika kipande changu cha kitambaa chekundu chenye alama ya uzi, kama ninavyobandika kila kitu changu kuanzia pasi hadi mkasi, asije mtu akaniambia si yangu. Leo nimepata alama 31 kati ya mia.

Na wewe hasa unashona wapi kwenye huo mchezo? Kila nikikuuliza unanijibu "kompyuta, shangazi."

Mwandiko usiucheke. Unapepesuka, lakini umefika.

Shangazi yako


3 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Sijaucheka mwandiko, ingawa mstari wa kwanza ulikuwa unapanda ukuta. Huku ni salama. Nimehamia chumba kingine karibu na kazini. Mwenye nyumba ana paka anayelala juu ya kompyuta yangu kwa sababu ina joto, na nikimtoa ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Msalimie baba. Mwambie nimezipata soksi, zote mbili za mguu mmoja.

Pole sana kwa ile namba. Haikuwekwa kwa ajili yako, iliwekwa kwa ajili ya wezi. Mchezo wetu uliotangulia ulinakiliwa wiki ile ile ulipotoka, nakala za bure zikazagaa kuliko zetu, na wenzangu watatu wakaambiwa wakusanye vitu vyao. Mmoja alikuwa anakaa meza inayoangaliana na yangu. Tangu hapo wakubwa wetu wanamshuku kila mtu.

Umeniuliza nafanya nini. Ni kazi ndogo ndogo tu, upande wa ulinzi. Hazina hadithi.

Katika kuhama nimelikuta lile gauni la shule lenye bitana ya malaika. Bado mnaiita hivyo? Ile mita tatu ya buluu uliyoikuta mezani kwako, ukauliza mtaa mzima, pasiwe na aliyejua nani ameileta, mpaka ukaamua ni malaika na ukanishonea mimi. Gauni halinifikii hata magotini, lakini bitana haijatoka uzi.

Fanya mazoezi, shangazi. Na uniambie alama.

Mwanao,
Chaki


6 Aprili

Chaki,

Natumaini hujambo. Huku baba yako amezibua mfereji wa nyuma ya nyumba na sasa anajiita mhandisi.

Nianze na zuri. Siku ya kumi nilipata 74. Sabini na nne! Asubuhi yake nikatunga uzi kwenye sindano peke yangu, Fundi Suruali akapiga makofi mpaka mteja wake akashtuka na pini ikamchoma. Nikashona vifungo vinne vya blauzi. Nikaanza kuwaza wateja wangu niwaite lini.

Halafu siku ya kumi na moja nikapata 60. Nikasema ni uchovu. Ikafuata 41. Jana 22. Mwanangu, naliweka kasha katikati kabisa ya behewa, naliona kwa macho yangu haya mawili, naachia, linaangukia kushoto. Kila mara kushoto. Nikilisogeza kulia kidogo ili nifidie, kesho yake linaangukia kushoto zaidi. Nimebaki mdomo wazi mbele ya kompyuta kama mtu aliyeporwa mchana kweupe.

Binti wa mazoezi alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Alikwenda kumwita daktari, na daktari akamwita mwingine. Wamenipiga picha za kichwa, wanasema hawaoni jipya, lakini wakati mwingine kiharusi cha pili huingia kidogo kidogo bila picha kukionyesha. Nimeambiwa nisikae karibu na pasi ya moto nikiwa peke yangu. Mimi, niliyeanza kushika pasi nikiwa na miaka tisa!

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mkono wenyewe hauniambii kitu. Ukiuuliza unajiona mzima. Kumbe unanidanganya, na kompyuta ndiyo inayoona ukweli. Juzi nilikaa mbele ya cherehani, kitambaa cha mteja mkononi, mguu ukagoma kukanyaga. Niliogopa nitaona mshono unaangukia kushoto.

Fundi Suruali, na vile vidole vyake vinene, amepata 91 kwenye ile ya bure. Ananiambia njoo nyumbani ujaribu kwenye yangu. Nimemwambia siwezi kushika cha wizi, hata kama ninakufa.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hatujambo huku. Naandika haraka.

Je, ni kushoto tu, haijawahi kulia hata mara moja? Na una hakika ilianza siku ya kumi na moja, si ya tisa, si ya kumi na mbili? Ile diski unayotumia ndiyo iliyotoka kwenye boksi? Hakuna aliyeibadilisha, Fundi Suruali hajakuchanganyia na yake?

Nijibu haya kwanza. Na tafadhali usiache kushona.

Chaki


8 Mei

Chaki,

Salamu za baba yako. Ndiyo habari za nyumbani, hazizidi hapo.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ulipoandika "pole". Sijapaona. Nimeona unaniuliza kama ninatumia diski ya wizi. Mimi, Chaki? Niliyekulea likizo zote, uliyeniona nikirudisha sindano moja ya mteja kwa kutembea nusu saa? Nilikaa chini kwa mshangao. Hata yule kompyuta hajawahi kunitukana hivyo, yeye anasema tu nimekosea namba.

Haya, nakujibu. Ni kushoto tu. Ni siku ya kumi na moja, daftari lipo. Diski ndiyo ile ile, na kitambaa changu chekundu kiko juu yake. Fundi Suruali hajaigusa, anajua ningemkata vidole.

Sasa na mimi nikuambie langu. Jana alama zilikuwa 9. Sitangoja mkono uniharibie kitambaa cha mtu na jina la miaka thelathini. Mwisho wa mwezi huu namwachia Fundi Suruali meza ya dirishani na cherehani langu, na ninahamia chumba cha nyuma cha baba yako. Ameshanunua pazia. Nilimuuliza pazia la nini wakati dirisha hakuna. Akasema ni la urembo.

Simu usinipigie kunibembeleza. Mara mbili ulizopiga umeniuliza kikohozi cha baba yako, kilichokwisha Januari, ukakata.

Shangazi yako


29 Mei

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo, tena na tena.

Sina habari za huku. Nimeshika simu mara nyingi na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza kikohozi. Kwa hiyo naandika.

Mkono wako ni mzima.

Nimezipanga barua zako zote mezani. Ya Februari mistari inapanda ukuta. Ya Aprili imeanza kutulia. Ya Mei, uliyoniandikia kwa hasira, imenyooka kama pindo la sketi. Mkono unaopona kwenye karatasi hauwezi kufa kwenye kompyuta. Nilipaswa kuliona hilo Aprili. Nililiona, shangazi. Nilikuuliza yale maswali kwa sababu nilikuwa nimeshaliona.

Diski halisi ina alama ndogo ukingoni ambayo jicho haliioni, na nakala hazina. Mchezo ukiikosa ile alama hausemi. Ukisema, mwizi atatafuta dawa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo unamwacha afurahi siku kumi. Ya kumi na moja unaanza kulisukuma kila kasha lake kushoto, kidogo tu, na kila siku kidogo zaidi, mpaka mwenyewe aamini hana uwezo na auache. Ilionekana ni njia nzuri. Waliipitisha kwenye kikao.

Kile kitambaa chekundu kina uzito wake. Diski inazunguka kwa kasi, kitambaa kinaiyumbisha, ile alama ya ukingoni haisomeki. Uliweka kitambulisho chako ili isemekane ni yako, na hicho ndicho kilichokufanya uonekane mwizi. Wezi wenyewe waliung'oa ule mtego ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana makasha ya Fundi Suruali yanakwenda sawa. Waliobaki ndani yake ni walionunua.

Kibandue, kisha ucheze. Usimpe mtu cherehani. Nimetia saini karatasi ya kutomwambia yeyote haya, kwa hiyo barua hii ukiisoma ichome. Nilikawia kwa sababu ya hiyo karatasi. Ndivyo ninavyojiambia.

Mwanao,
Chaki


31 Mei

Chaki,

Hujanijibu, basi nakuandikia ninapouaga mtaa wangu. Leo asubuhi nimempa Fundi Suruali cherehani, tepu, mkasi mkubwa na ufunguo wa kabati. Alilia yeye, mimi sikulia. Nimebandua vitambaa vyangu vyekundu kwenye vitu vyote nilivyomwachia, kimoja kimoja. Vimejaa kiganja.

Binti wa mazoezi amesema barua niendelee nazo hata kama mengine yamenishinda. Nimemwambia sijui nitaandika nini kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha.

Pazia ni la maua.

Shangazi yako


16 Juni

Chaki,

Baba yako hajambo. Ndiye aliyeniletea barua yako ya tarehe 29, na nimeisoma mbele yake.

Sijui nianzie wapi. Nimekibandua kile kitambaa kwa maji ya moto na kucha. Nikaiweka diski. Nikashika kasha la kwanza, nikaliachia, likaingia katikati ya behewa. La pili katikati. Nikapiga kelele baba yako akaja na fagio akidhani nimeona nyoka. Alama 88, Chaki! Miezi hii yote nimezikwa hai, na mkono wangu ulikuwa unaniambia kweli kila siku na mimi ndiye niliyeukana!

Kesho yake nimekwenda dukani. Fundi Suruali aliniangalia, akainuka mwenyewe kwenye kiti, akapangusa meza ya dirishani kwa mkono wa shati lake, akarudi kwenye kona yake. Nimeshona pindo la mita nne. Nimelitazama mpaka machozi yakalilowesha nikalazimika kulipiga pasi.

Hayo ndiyo mema. Sasa yako.

Barua yako sijaichoma. Nimeisoma kama ninavyokagua gauni la fundi mwingine, ndani nje. Unaandika "ilionekana". Unaandika "waliipitisha". Ilionekana na nani, Chaki? Mtu akiniletea gauni, najua aliyelishona kabla hajataja jina, na mshono huu ninaujua, kwa sababu ni wangu.

Wakati ule wa Pindo nilichora karatasi mbili za gauni moja. Ya kweli nikaifungia kabatini. Ya pili nikaipunguza kwapa kwa upana wa kucha, nikaiacha mezani. Atakayeinakili gauni litamtoka zuri, mteja atalivaa, wiki moja tu kisha kwapa linaanza kuvuta. Na mwizi hatasema karatasi ni mbovu, atasema mkono wake mwenyewe ndio mbovu. Maneno hayo niliyasema kwa sauti, nikicheka, na chini ya meza alikuwepo mtoto mmoja tu.

Nijibu kwa mstari mmoja. Nani?

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi, shikamoo.

Mimi.

Umeomba mstari mmoja, lakini niruhusu niongeze. Walipoondolewa wale wenzangu watatu, mkubwa wetu aliita kikao akauliza nani ana wazo. Nilikuwa na miezi minane tu kazini na niliogopa kuwa wa nne. Nikasimama nikawasimulia kwapa la Pindo. Walicheka kwa furaha, wakanipigia makofi, wakanipa meza ya dirishani. Mimi ndiye niliyechagua siku kumi. Hata kushoto nilichagua mimi.

Wiki iliyopita nilisimama tena kwenye kikao kile kile. Nikawaambia tubadilishe, mchezo useme wazi, "Diski hii siielewi," uache kumfanya mtu ajione hafai. Wakaniuliza ni wanunuzi wangapi wameumia. Nikasema sijui, wanaoumia hawajui kwamba wameumia, ndivyo nilivyoutengeneza. Wakasema basi tusubiri toleo lijalo.

Kuna barua moja kwenye droo yangu tangu Machi. Baba mmoja aliandika, si kulalamika, kutushukuru. Anasema alikuwa akicheza na binti yake kila Jumamosi, lakini amegundua vidole vyake vimezeeka, makasha yote yanamwangukia kushoto na mtoto anamwonea haya, kwa hiyo ameacha. Anauliza kama tuna mchezo rahisi zaidi kwa watu kama yeye. Lazima diski yake ilikuwa na mkwaruzo, ndiyo maelezo pekee. Sijamjibu. Kila siku nafungua droo kuchukua kalamu na ninaiona.

Nihukumu, shangazi. Nimekaa.

Chaki


2 Agosti

Chaki mwanangu,

Baba yako anakusalimia, ameliondoa pazia, amelifanya kitambaa cha meza. Binti wa mazoezi amefunga daftari langu na kuniambia nisirudi mpaka nimshonee koti.

Nilikusudia kukuhukumu. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na yalikuwa makali. Lakini kila nilipoanza nilimwona Pindo. Alifunga duka mwaka ule ule wa lile kwapa, na mimi nilisema amekomeshwa. Sasa nimeonja mwenyewe huko kukomeshwa. Nikasema, mwizi au si mwizi, nitamwambia.

Anauza mayai karibu na kituo cha mabasi. Nikamkuta anayapanga kwenye trei, moja moja, yamekaa sawa kama vifungo. Nikamwambia, "Pindo, yale magauni yaliyokuwa yakivuta kwapani, haikuwa mkono wako. Karatasi niliiharibu makusudi, ili nimkamate atakayeiiba."

Akaliweka chini yai alilolishika. Akasema, "Atakayeiiba? Mbona nilikuomba?"

Nikamwambia, "Hukuniomba kitu."

"Nilikuja dukani kwako," akasema. "Ulikuwa unampima mteja, pini zimejaa mdomoni. Nikakuuliza, fundi, naomba kunakili hii karatasi ya mezani, nitakupa bitana. Ukaniitikia kwa kichwa. Jioni yake nikakuletea, hukuwepo, nikaiacha mezani. Mita tatu. Ya buluu."

Chaki, nilishika meza yake na mayai mawili yakavunjika. Bitana ya malaika! Miaka kumi na minne iko kwenye gauni lako. Mimi kwa kile kichwa nilikuwa namwashiria mteja ageuke. Pindo alilipa, mwanangu. Alilipa, nikamwita mwizi mtaa mzima, na mtego wangu ukamla yeye peke yake, maana mwizi halisi hata hakuwahi kutokea.

Nilitaka apige kelele, anitupie trei. Hakufanya. Alisema kitu kimoja tu. "Binti yangu alipoolewa, gauni lake nilikuletea wewe. Niliogopa kumharibia siku yake kwa mkono wangu."

Nakumbuka. Nilimtoza kama mteja mwingine yeyote, na nikamwelekeza namna ya kulipiga pasi.

Nimemwambia kiti kiko dirishani, cha pili, karibu na changu. Hajaja. Huenda asije, na haki anayo. Ile karatasi ya kwapa nilikuwa bado ninayo kabatini, nilikuwa nikiiona ni werevu wangu. Nimeichana mbele yake, akaniomba vipande, akavitumia kufungia mayai ya mteja.

Kwa hiyo sikuhukumu. Hukumu yako iko kwenye droo. Huyo baba ana binti anayekua, na Jumamosi hazirudi. Usimpigie simu, na usimtumie barua ya ofisi yenye nembo. Mwandikie kwa mkono wako leo hii, kabla hujamaliza kusoma salamu zangu. Wakikufukuza, njoo, meza ya dirishani inatosha watatu.

Na usimwandikie "ilionekana". Anza na lile neno moja ulilonijibu nilipokuuliza nani.

Shangazi yako